Injini Isiyojua Ramani

Siku hizi kila gari huzima lenyewe likifika mahali pasipo kwenye ramani, na kijiji cha mama yake Sekela wachora ramani walikifuta humo mwaka juzi kama vumbi mezani.

Sekela, fundi asiyemeza hasira, aling'oa mota ya umeme ya gari lake, akafunga injini ya dizeli na giaboksi ya trekta bovu, vyuma visivyojua ramani. "Mama yangu hafutwi!" alifoka akikaza nati ya mwisho.

Lami ilipoisha, gari liliparamia mawe likifuka moshi. Sekela akaupiga usukani kofi. "Baba Tumpe, tumewashinda! Jioni tunakunywa chai kwa mama!"

Mumewe kando yake, aliyeswaga ng'ombe wa mahari mpaka kijijini hukohuko, alimtazama kwa huruma, kama mtu asiyewahi kusikia habari za mama huyo.

"Mama yupi, Sekela?"