Wasindikizaji Wadogo

Jeneza liliponyanyuliwa, wanaume wakalifuata makaburini. Mjane, Mwanahawa, akabaki ndani na wanawake wenzake, kama ilivyo ada. Akaviwasha vijiroboti alivyoviunda marehemu mumewe, vidogo kama viberiti, ambavyo vilijua jambo moja tu: kusukuma kitu kuelekea kwenye mwanga. Akaweka kofia ya mumewe sakafuni. Kimoja kikaisukuma, haikusogea. Vingine vikaja, vikabanana bega kwa bega, na kofia ikaanza safari ya mlangoni.

"Wifi, watu watasemaje?" akanong'ona dada wa marehemu.

"Waache na hawa wamsindikize."

Upepo ukalirudisha pazia la mlango, mwanga ukakatika, vikasimama vyote. Yule dada wa marehemu akafuta machozi, akainuka, akalifunua pazia mpaka jua likaifikia kofia.