Majibu ya Mate

Mwalimu Kathambi aliweka simu juu ya mkeka, na Mohamedamin akaisogelea. Nikaha, ndoa yake, ilikuwa kesho. Sebuleni hapo mtaani Kiwanjani, Isiolo, walikuwa wanne tu: yeye, mchumba wake Fartun, Awo mama yake Fartun, na mwalimu huyu ambaye siku za likizo huwasaidia watu kutafuta jamaa zao kwa vipimo vya DNA, bila kudai hata chai.

Mohamedamin hakujua alikozaliwa. Miaka ishirini na sita iliyopita, dereva mmoja wa lori, mzee Shuriye, alishuka sokoni Isiolo kununua miraa, na alipofika Garbatulla akagundua kuna mtoto mchanga nyuma ya kiti. Akamlea kama wake. Mambo yalikuwa shwari mpaka kijana alipomchumbia Fartun. Isiolo ukichumbia, hata mbuzi wana maoni. Marehemu baba yake Fartun, watu wakasema, alikuwa na mke wa siri kule Merti. Na hiyo pua ya kijana, jamani, si ya marehemu?

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Usingizi ukampaa. Alimpenda Fartun kufa, akaogopa kwamba anampenda dada yake. Wakatema mate vichupani, wote wawili, na Mwalimu akayatuma ng'ambo.

"Majibu yamekuja," Kathambi alisema. "Nyinyi hamna damu moja. Hata tone."

Awo akapiga kigelegele. Fartun akalia kwa furaha. Mohamedamin aliuliza mara tatu, kwa vile woga ulikuwa umemzoea.

"Na watu wako nimewapata. Kuna binamu yako Amerika, anaitwa Gollo, alipimwa pia. Mama yake ni dada ya mama yako, khalti yako. Huyo mama yuko Merti. Ndiye huyu napigia."

"Mwanangu!" Sauti ya mwanamke ilitoka simuni. "Wallahi nisamehe. Baba yako aliuawa na wezi wa ng'ombe, mama yako akafariki siku ya kukuzaa. Nilikuleta Isiolo, ukakataa chupa, unanifia mkononi. Mama mmoja alikuwa amejifungua msichana juzi tu. Akakushika, akakunyonyesha wiki tatu. Nikamdanganya nakurudisha Merti. Sikuwa na kitu, mwanangu. Nikakuacha kwa lori."

Mohamedamin alilia bila haya. Kwa mara ya kwanza tangu umbea uanze Ramadhani, kifua kilikuwa chepesi.

"Huyo mama anaitwa nani, khalti? Nataka nimshukuru."

Awo, ambaye hakuwahi hata kumpa mkono, alikuwa amemshika uso kwa viganja vyote viwili.

"Fartun," alisema, "mpigie sheikh, mwambie kesho asije. Wewe na huyu mmenyonya ziwa langu. Kwa dini, nyinyi ni ndugu."