Mabaka Miguuni mwa Lukresia

Egidi hakupiga hodi. Aliupiga mlango teke, komeo likang'oka, akaingia na mpini wa jembe mkononi.

"Selestine! Toka!"

Asubuhi ile sokoni, upepo ulikuwa umepeperusha khanga ya dada yake, Lukresia, alipokuwa akipima mahindi. Miguu yake, kuanzia chini ya goti hadi kifundoni, ilijaa mabaka. Mengine meusi, mengine ya zambarau, mengine yameanza kugeuka manjano.

"Dada, nini hicho?"

"Kusimama kutwa tu. Damu inatuama."

"Damu ituame kwa rangi tatu?"

"Basi ni moto. Baridi ya Songea unaijua, kila siku nakumbatia jiko." Akaishusha khanga haraka. "Usiende kwangu, Egidi. Nakuomba."

Ombi hilo ndilo lililompandisha mori. Baba yao alimpiga mama yao hadi akampofua jicho. Egidi aliapa kaburini kwa mama kwamba Lukresia hataguswa na mwanamume yeyote.

Selestine, seremala mwenye mikono mipana kama koleo, aliinuka taratibu mkekani.

"Karibu, shemeji."

Mpini ulimshukia begani. Pigo la pili likampasua mdomo. Damu ikaruka ukutani. Jitu lile halikurudisha hata kofi.

"Pigana!" Egidi alifoka. "Au unawaweza wanawake tu?"

Alimrushia teke la mbavu. Selestine akadaka kigoda upesi, akakikinga kifuani kama mtu aliyezoea. Ugoko wa Egidi ukagonga ukingo wa kigoda, akalia kwa maumivu.

"Popote, shemeji," Selestine alisema, akitema damu. "Mbavu tu niachie. Bado hazijaunga."

Kwa hasira Egidi alimkwida shati. Likachanika hadi kiunoni.

Mbavu zilikuwa zimefungwa bendeji. Juu yake, kifua kizima kilikuwa makovu: alama za meno, michirizi ya maji ya moto, na ncha ya pasi iliyochora ngozi pembetatu, mbichi juu ya kuukuu.

Egidi akautazama ugoko wake, ulioanza kuvimba baka la zambarau kama yale ya dada yake. Mpini ukamponyoka.

Lukresia alikuwa amesimama mlangoni, akihema kwa kukimbia kutoka sokoni. Alimtazama mumewe, akamtazama ndugu yake. Kisha akainama, akauokota mpini, akafunga khanga vizuri kiunoni.

"Sogea, mdogo wangu," alisema. "Huyu hapigwi hivyo."