Ufunguo wa Kidonda

Mkongojo uligonga sakafu ya baraza, ko, ko, na Nyamvula akajua nani anakuja kabla ya hodi. Ni Mwakuja, aliyekuwa mumewe, aliyemmwagia uji wa moto usoni.

Sheria humpa aliyeumizwa ufunguo wa seli za mwili wa mkosaji. Asipoubonyeza, vipokezi vinavyozishika seli na kuziamuru zitambae hunyamaza, na kidonda hakizibi.

"Mama Pendo, ni mchubuko wa kiatu tu," Mwakuja alisema, akiunyosha mguu. "Mwezi wa tatu huu haujapona."

"Kaa. Uji upo."

Nyamvula akaubonyeza ufunguo aliouvaa shingoni. Ngozi ya kidonda ikatambaa kiasi cha punje ya mtama. Akauachia.

"Malizia basi."

"Kila Ijumaa punje moja," alisema kwa upole, akimkorogea uji. "Hutakufa, Baba Pendo. Nakuahidi."