Dushi ya Mama Adèle

Mama Adèle alikuwa bado na povu masikioni pale jirani yake, Tata Mulumba, alipoanza kugonga mlango wa bafu.

Si mlango wa nyumba, jamani. Wa bafu! Mzee wa kanisa mzima anagonga bafu la mke wa mtu.

“Mama, toka! Courant na mayi habisikilizanake! Umeme utakuua!”

“Tata Mulumba, mi niko uchi!”

“Na batakuokota uchi vile vile!”

Chanzo cha balaa kilikuwa dushi ya umeme, kile kichwa cheupe cha plastiki kinachopasha maji, ambacho binti yake Naomie alikileta kutoka Lubumbashi kwa ajili ya magoti ya mama yake. Baridi ya Julai pale Kolwezi haina adabu. Miaka yote Mama Adèle alikuwa akioga kwa ndoo huku meno yakigongana, kisha anakwenda sokoni akichechemea. Tangu dushi ifungwe, alisimama chini yake mpaka magoti yalainike, akatembea bila fimbo. Angeuza sufuria zake zote kabla ya kuiachia dushi ile.

Lakini Tata Mulumba hakumpa nafasi. Kila siku alikuja na sababu mpya. Fundi alipofunga waya wa kuzuia watu wasipigwe na umeme, Mulumba akahamia kwenye ngozi: maji ya moto yanaichuna. Ngozi ilipozidi kung’aa, akasema dushi inamaliza umeme wa mtaa, ingawa kwake umeme ulikatwa zamani. Mwishowe akaingia kwenye Biblia.

“Ku Yordani kulikuwa courant? Yesu alibatizwa mu mayi ya baridi! Paka ndoo moja tu inaenea, Mama, inatosha. Unajimwangia polepole.”

Siku hiyo suruali yake ilikuwa imelowa hadi mapajani, na mvua haijanyesha tangu Aprili. Alisema alikuwa anaosha pikipiki.

“Na leo umeoga mara mbili,” akaongeza kwa uchungu.

Mama Adèle alishtuka. Amejuaje? Jioni ile ile akapigilia mbao dirisha la bafu, hasira zimempanda. Kumbe mzee wa kanisa ni mchunguliaji!

Mumewe Henri alikataa kabisa kusikia hayo. Mtaani kwao Kasulo watu walitoboa sakafu za sebule zao wakichimba madini ya kobalti chini ya ardhi, lakini nyumba ya Mulumba, kwa jinsi Henri alivyoijua, haikuwa na hata tundu la panya. Mtu wa namna hiyo, alisema Henri, akikuonya unasikiliza. Isitoshe Henri mwenyewe ni mwoga. Hata betri ya redio huishika kwa kitambaa.

“Adèle, leo tutaitoa hii kintu. Mi siko tayari kuzika bibi yangu juu ya kuoga.”

Mulumba, aliyekuwa amekaa sebuleni, alimshukuru Mungu kwa sauti, akaondoka mbio kama mtu aliyechelewa kazini. Hata chai aliiacha.

Mama Adèle alilia machozi ya kweli. Aliona baridi ile inarudi, na fimbo nyuma ya mlango.

“Basi niache nioge mara ya mwisho,” alimwomba mumewe.

Henri alikubali, akakaa nje ya bafu na bisibisi mkononi. Mama Adèle akafungulia maji hadi mwisho, ya moto kupita siku zote. Hakuwa na haraka. Alioga, akalia, akajipaka sabuni upya, akaoga tena, mvuke ukajaa bafuni asione hata vidole vyake. Maji yaliteremka kwenye tundu la sakafu kwa kishindo.

Kisha tundu likakohoa.

Mama Adèle aliganda. Kutoka chini kabisa ya saruji, chini ya miguu yake, ikapanda sauti ya Tata Mulumba:

“Mama, hurumia! Ile mayi ya ndoo tulikuwa tunavumilia, lakini hii inatupika batu!”