Mrehani wa Sebuleni

Salha alipomwagia maji mrehani wa sebuleni, vidudu weupe, wadogo kama chembe za chumvi, walirukaruka juu ya udongo. Jirani yake Bi Hidaya, muuza maua, akainama kuwatazama, akaugusa udongo kwa kidole.

"Hawa hawadhuru mche, shoga. Wanakula vilivyokufa vikaoza. Udongo umeutoa wapi?"

"Kaburini kwa mwanangu. Niliung'oa mrehani na udongo wake."

Bi Hidaya akarudisha mkono haraka. "Urudishe, Salha."

"Na hawa vidudu wakikosa chakula?"

"Watahama."

Jirani alipoondoka, Salha alichukua kitana, akachomoa mvi zake zilizonasa, akazifukia chini ya mrehani. Kisha akamwaga maji tena, taratibu, akainamisha uso mpaka vidudu wakamrukia mashavuni.