Mtani Kaburini

Kabla jeneza la Lushinge halijashushwa, Nyanzala wa Bondeni alijitumbukiza kaburini akajilaza chali, utadhani yuko kitandani kwake. Ndivyo desturi ya mji ilivyotaka: watu wa Bondeni ni watani wa watu wa Mlimani, na mtani msibani humtania hata maiti. Kasoro ilikuwa moja tu. Aliyemchoma Lushinge kisu jana pale kisimani alikuwa mtu wa Bondeni, na vijana wa Mlimani walikuja mazishini na mapanga yaliyonolewa. Walingoja kaburi lifukiwe tu, washuke Bondeni.

"Kaburi gani fupi hivi?" Nyanzala akapaza sauti. "Nyie wa Mlimani ni wavivu hata kwa ndugu yenu! Mnataka alale kakunja magoti kama mbuzi?"

Masele, mdogo wake marehemu, akainua panga. "Toka, Nyanzala. Utani ulikufa jana."

"Uliuliwa na nani, wewe pua ya fuko? Haya, nikate. Mimi nitakuwa maiti wa pili. Wa mia atakuwa nani, wewe?"

Udongo ulimtia baridi mgongoni, lakini hakuinuka ng'o.

Kisha mjane akasogea ukingoni, macho yamevimba kwa kulia.

"Hebu mtoeni huyo," alisema. "Miguu yake inanuka. Atamchafulia mume wangu kitanda."

Huko nyuma mtu akapaliwa na kicheko. Wote wakamgeukia Masele. Panga lilikuwa bado juu, na midomo ilikuwa ikimchezacheza kama anayezuia kicheko.